Ukuta Mmoja, Nyumba Mbili: Nasaha kwa Wakazi wa Mitaa ya Kale

Katika mtaa niliolelewa, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, alikuwako bibi mmoja jirani yetu ambaye kila masika ilipokwisha alitwaa kipande cha mkaa jikoni, akapanda ngazi polepole hadi ghorofa ya kwanza, akachora mstari mfupi ukutani mahali unyevu uliposhukia mwaka ule, na kando ya mstari akaandika tarakimu za mwaka. Mistari ile ilipangana mmoja chini ya mwingine kama vidato, na sisi watoto tuliidhania kuwa ni mazoea ya uzee, tukapita mbio bila ya kuitazama. Miaka mingi baadaye walikuja wapimaji wa majumba na vyombo vyao, na katika yote waliyoyakagua siku ile hakuna kilichowafunulia siri ya nyumba ile kuliko ukuta wa bibi. Kwani kwa kuifuata mistari kutoka chini kwenda juu walifika mahali maji yalipoingilia, wakatambua kuwa hayakutoka katika paa lake, alilokuwa akilitia viraka mara kwa mara kwa fedha ya kujinyima, yalitoka katika mlizamu uliopasuka wa nyumba ya pili, ambayo mwenyewe alikuwa Arabuni na wapangaji wake hawakujua wamshitakie nani. Ukuta ulikuwa mmoja na nyumba zilikuwa mbili, na maskini bibi yule alikuwa akitibu mwili usiokuwa na maradhi.

Nimeanza kwa kisa hiki kwa sababu ndani yake mna shina la nasaha yote ninayotaka kuitoa kwa wakazi wa mitaa ya kale, wawe wa Unguja, wa Lamu, wa Mombasa, wa Bagamoyo au wa Pangani, na hasa kwa wale wanaotumaini kupata ruzuku za serikali au za mifuko ya kimataifa ili kuihuisha mitaa yao. Mtaa wa mawe haugawanyiki kama shamba, ambalo kila mtu huweza kulima kipande chake na kuliacha la jirani likimea magugu. Kuta zake zimeshikana, maji ya paa moja hupita chini ya sakafu ya jingine, na nyumba ikianguka huondoka na bega la nyumba iliyoiegemea. Mtu akiitengeneza nyumba yake peke yake amefanya jambo la sifa, lakini maji ya jirani yatamfuata. Na mfadhili akiipamba nyumba moja ipendezayo macho, akaiacha safu nzima ikivuja, ameitupa mali yake mtaroni. Kwa hiyo nasema, kabla ya kutafuta fedha, tafutaneni. Ruzuku humfaa sana mtu aliyekwisha kusikilizana na jirani yake, lakini haijapata hata siku moja kuwasikilizanisha watu waliokuwa hawasemezani.

Tuitazame kwanza nyumba yenyewe, kwa maana asiyeujua ujenzi wake hawezi kujua aombe nini. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, nene kiasi cha nusu mita na pengine zaidi. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazipatikani ndefu kupita kadiri, vyumba vya pwani yetu vimekuwa virefu na vyembamba, upana wake ukiwa mita 3 hivi au pungufu. Nyumba ya namna hii ina pumzi: chokaa hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua, na madhali njia ya pumzi iko wazi, ukuta huweza kukaa karne nzima bila ya kutikisika. Maadui zake wakubwa ni wawili. Wa kwanza ni maji yanayotuama, ambayo huozesha ncha za boriti mle zilimoingia ukutani, mahali jicho lisipofika, hata siku moja dari ikashuka ghafla juu ya vichwa vya waliomo. Wa pili ni saruji, ambayo watu huipaka kwa nia njema, wakiamini kuwa kilicho kigumu ndicho kilicho imara. Kumbe saruji huziba pumzi ya ukuta, unyevu na chumvi vikafungika ndani, na jiwe likageuka unga nyuma ya lipu inayong'aa. Nimeona kwa macho yangu baraza iliyotengenezwa kwa fedha za msaada, ikapigwa saruji kwa pupa ili ikabidhiwe kabla ya mwaka wa hesabu kufungwa, na baada ya masika mbili lipu ikabanduka kwa mapande na jiwe la ndani likawa linakwanguka kwa ukucha.

Lakini itakuwa dhuluma kuibebesha mvua lawama yote. Huko Unguja, baada ya mapinduzi ya 1964, wenye nyumba wengi waliondoka, majumba mengi yakaingia katika mikono ya serikali, na ndani yake wakawekwa watu wa familia nyingi kwa kodi ndogo isiyotosha hata kununua mabati. Nyingine zilikuwa wakfu, na mapato yake hayakulingana tena na gharama za kuzitunza. Na nyingine ziligawanyika kwa mirathi, babu mmoja akiacha warithi ishirini, kila mmoja akimngojea mwenzake aanze. Basi aliyekuwa na haki ya kutengeneza hakuwa na uwezo, aliyekuwa na uwezo hakuwapo, na aliyekuwapo hakuwa na haki. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, na katika miaka ya 1990 ukatayarishwa, kwa msaada wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, mpango wa hifadhi ulioyahesabu majengo yapatayo 1,700 na kuonyesha lipi ni la kulindwa kwa namna gani. Mwaka 2000 UNESCO ikauandika mji ule, wenye eneo la hekta 96, katika orodha ya urithi wa dunia, na Lamu ikafuata mwaka 2001. Wakazi wengi walidhani, na wengine wanadhani hata leo, kuwa kuandikwa huko kunaambatana na fungu la kila nyumba. Sivyo. Kuandikwa ni heshima na ni ahadi, na ahadi yenyewe ni yetu sisi tuliyoitoa kwa walimwengu kuwa tutautunza mji. Haimleti fundi mlangoni kwa mtu.

Wala mtu asijidanganye kuwa jumba likiwa mashuhuri litasalimika kwa umaarufu wake. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la Sultani Sayyid Barghash lililojengwa mwaka 1883, liliangusha sehemu yake moja mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, upande wake mkubwa ukaporomoka na watu wakapoteza maisha. Ikiwa hayo yamelifika jumba ambalo picha yake imezunguka dunia, seuze nyumba ya kichochoroni isiyojulikana ila na wakazi wake? Ibra yake ni kwamba maji hayangojei vikao. Jumba linalotikisika huegemezwa leo kwa magogo imara chini ya uangalizi wa fundi, watu wakahamishwa kwa jirani, na paa likafunikwa japo kwa turubai; ndipo barua za kuomba msaada ziandikwe.

Sasa niingie katika nasaha yenyewe. Jambo la kwanza ni daftari la mtaa, na jambo hili halihitaji ruzuku, lahitaji kalamu na miguu. Wateuliwe vijana wanne au watano wenye adabu na subira, wafuatane na mzee mmoja anayeijua mitaa, wapite nyumba hadi nyumba mwezi wa Februari kabla ya masika, na warudi tena mwezi wa Juni baada yake. Kwa kila nyumba waandike nani anakaa, nani ni mwenye milki, kama ni ya serikali, ya wakfu, ya mtu binafsi au ya warithi. Paa likoje, mlizamu unamwaga wapi, mtaro unapita wapi, boriti ipi imelainika ukiichoma kwa msumari. Wapige picha kwa simu zao, wakisimama mahali palepale kila safari, ili picha ya leo iweze kulinganishwa na ya mwakani. Na penye ufa wafanye kama mafundi wafanyavyo: wabandike juu yake kipande chembamba cha chokaa, kikatishe ufa kutoka upande mmoja hadi wa pili, na waandike juu yake tarehe, kikikaa miezi mizima bila ya kukatika, ufa umelala, na kikikatika, ufa unatembea na nyumba hiyo iwekwe mbele ya nyingine zote. Daftari la namna hii lina thamani kuliko hotuba mia, kwa sababu mfadhili akiuliza ni kwa nini muanzie hapa na msianzie pale, jibu limo kwenye ukurasa, wala hapana atakayeweza kusema kuwa mwenyekiti amemwangalia nduguye.

Jambo la pili ni baraza ya mtaa, na hapa nina maana ya watu, si ya mawe ya kukalia. Wengi huunda kamati kwa kuwakusanya wenye nyumba na wafanyabiashara wakubwa, wakaona wamemaliza; na kamati hiyo huvunjika mara tu fedha inapoonekana, kwa kuwa waliobaki nje ndio walio wengi. Awemo sheha au yule anayeshika nafasi yake, awemo imamu wa msikiti, wawemo wenye nyumba, na wawemo wapangaji kwa idadi isiyopungua ya wenye nyumba, kwani wao ndio wanaolala chini ya dari inayovuja. Na wanawake wasiwekwe kwa ajili ya kupamba orodha. Katika miji yetu ya pwani baraza za nje aghalabu ni za wanaume, mazungumzo ya alasiri na kahawa ni yao, na mkutano ukiitishwa hapo mwanamke husikiliza kwa dirishani. Hali ya kuwa ni yeye ajuaye chumba kipi kina unyevu, kisima kipi kimebadilika harufu, na mtoto yupi anakohoa kila masika. Basi uwepo mkutano wa ndani, katika ukumbi wa nyumba mojawapo, kwa saa inayowafaa wao, na maneno yao yaandikwe na kusomwa katika mkutano mkubwa kwa uzito uleule.

Jambo la tatu, nalo huwachosha watu zaidi ya yote, ni haki za milki. Hakuna mfuko wenye akili utakaotia fedha katika nyumba inayogombaniwa, na ni bora ukweli huo uwaumize mapema kuliko kuwaaibisha baadaye. Warithi wako Maskati, wako Dubai, wako London na Toronto, na wengine hawajaiona nyumba yao tangu walipokuwa wadogo. Lakini siku hizi simu huwakusanya watu katika dakika chache, na sijaona mrithi aliyekataa kusikiliza alipotumiwa picha ya mlango wa babu yake ukining'inia kwa bawaba moja. Waombwe jambo dogo na la wazi: wamteue wakala mmoja kwa maandishi yaliyothibitishwa, mwenye ruhusa ya kukubali matengenezo na asiye na ruhusa ya kuuza. Kama nyumba ni ya wakfu, barua itoke kwa wasimamizi wa wakfu; kama ni ya serikali, itoke kwa idara inayohusika. Na baina ya nyumba zilizoshikana uandikwe mkataba mfupi wa ujirani, usemao ukuta huu ni wetu sote, mlizamu huu tutausafisha kwa zamu, na gharama ya ufa huu tutagawana hivi. Karatasi hiyo moja ingalimwepushia bibi yetu miaka mingi ya taabu.

Jambo la nne ni kuchagua kazi ya kwanza. Nafsi ya mwanadamu hupenda kuanza na kile kitakachosifiwa, na kwa hiyo utaona mtaa unaomba fedha za kuchonga upya milango ya nakshi huku mabati ya paa yametoboka. Mlango wa nakshi ni fahari yetu na wakati wake utafika, lakini nyumba huvishwa kofia kabla ya kuvishwa viatu: anzeni juu, kwenye paa na milizamu, kisha mshuke kwenye mitaro na misingi, kisha boriti, kisha lipu, na mapambo yafuate. Kazi ya kwanza iwe ndogo, iwe ya wengi kwa pamoja, na iweze kukamilika katika kaskazi moja. Chukueni safu ya nyumba tano au sita zilizoshikana, mzitengenezee milizamu na mtaro mmoja unaopita mbele yake, mtie na taa ya kichochoro. Kazi hiyo haigharimu fedha nyingi, kila mmoja huiona mvua inapokuja, na mnapata kitu ambacho mfuko mkubwa hukiuliza kabla ya kingine chochote, nacho ni ushahidi kuwa mliwahi kupewa dhamana ndogo mkairejesha kwa hesabu safi.

Hapo ndipo mnapofaa kubisha hodi kwenye milango mikubwa. Iko mifuko iliyoundwa kwa ajili ya urithi wa kale, kama vile Mfuko wa Urithi wa Dunia wa Afrika, ulioanzishwa mwaka 2006 na wenye makao yake Afrika Kusini. Ziko balozi, ziko taasisi za watu binafsi, na ziko halmashauri zetu wenyewe, ambazo mara nyingi tunazisahau kwa kuangalia mbali. Kila mmoja ana sharti zake, lakini maswali yao hufanana: ninyi ni nani kisheria, mmesajiliwa, mna katiba na akaunti ya benki? Nyumba ni ya nani? Mamlaka ya hifadhi imeruhusu? Kazi itafanywa na nani, kwa vifaa gani, kwa muda gani, kwa gharama gani? Nani atafaidika? Na fedha yetu ikiisha, nani ataendeleza? Mtaa uliofanya mambo manne ya mwanzo unayo majibu yote sandukuni, na kuandika maombi kwake ni kazi ya kupanga tu. Andikeni kwa ukweli na kwa lugha nyepesi. Msizidishe idadi ya watu wala msidai kuwa jengo ni la karne fulani ikiwa hamna hakika, maana uwongo mmoja ukigunduliwa huzichafua kweli tisa. Katika hesabu tieni ujira wa fundi, mawe, chokaa, boriti, jukwaa la kupandia, usafiri na usimamizi, na juu yake tengeni akiba isiyopungua sehemu moja katika kumi, kwa kuwa nyumba ya kale haisemi siri zake zote mpaka lipu ibanduliwe. Kisha andikeni mchango wenu: siku za kazi, chumba cha kuwekea vifaa, chakula cha mafundi, fedha japo ni kidogo. Mchango huo hufanya zaidi ya kumridhisha mfadhili. Mtu aliyebeba mawe kwa mikono yake hamwachi mwanawe aubomoe ukuta.

Na nizungumze kwa urefu kidogo juu ya mafundi, kwa kuwa hapa ndipo ruzuku nyingi zinapozaa au kuharibu mimba. Chokaa nzuri haitoki dukani asubuhi ikapakwa jioni. Mawe ya matumbawe huchomwa juu ya tanuu la magogo mpaka yakawa meupe na mepesi, kisha huzimwa kwa maji, yakachemka na kutoa mvuke, na unga wake hulazwa katika shimo wiki nyingi, na ikiwezekana miezi, hata ukawa laini kama siagi. Na ikishapakwa hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke kwa ghafla ikapasuka. Fundi ajuaye haya kwa mikono ni hazina, na hazina hiyo inazeeka. Kwa hiyo kila ruzuku mnayoiomba iwe na fungu la wanafunzi, vijana wawili au watatu wa mtaa wakilipwa ujira wa halali kumfuata fundi mzee tangu tanuu hadi ukuta. Hayo yamefanyika na yamefaa: jengo la zahanati ya kale pale Mizingani, Unguja, ambalo mfanyabiashara Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887, lilipohuishwa katika miaka ya 1990 na taasisi ya Aga Khan, lilikuwa ni chuo pia, mafundi wa hapa wakirudishiwa ujuzi uliokuwa unapotea. Na kule Kilwa Kisiwani, ambako magofu yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014, wanakijiji wenyewe walifunzwa kazi ya chokaa na mawe wakashiriki kuziokoa kuta za wazee wao. Haya si mapya kwetu: zamani sakafu ya paa ilipopigwa chokaa, watu wengi walikusanyika kuiponda kwa fimbo siku kadhaa, kwa nyimbo na mdundo mmoja, na nyumba ya mtu mmoja ikawa kazi ya mtaa mzima.

Jambo la tano ni amana. Fedha ya ruzuku si ya mwenyekiti, wala si ya kamati, wala hata si ya kizazi kimoja; kuitia mkono ni khiyana kwa watu wasiozaliwa bado. Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu wasio wa ukoo mmoja, na kila malipo yawe na karatasi yake. Mwisho wa kila mwezi hesabu ibandikwe mahali watu wanapopita, kwenye ukuta wa duka au mlango wa madrasa, ikionyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, hata kama kilichotoka ni bei ya misumari. Nimeona mitaa iliyovunjika kwa kushukiana tu, pasipo mtu yeyote kuiba hata senti moja, kwa sababu hesabu ilikuwa safi lakini ilikuwa ndani ya sanduku.

Sasa nifike katika hatari ambayo watu hawaitazamii, kwa kuwa huja katika mavazi ya furaha. Mtaa ukitengenezeka hupanda bei. Aliyekuwa akilipa kodi ndogo huambiwa aondoke, nyumba hugeuka hoteli, duka la unga hugeuka duka la vinyago, na baada ya miaka kumi mnabaki na kuta nzuri zisizo na mwadhini wa kuwaamsha wala jirani wa kumwazima chumvi. Sisemi kuwa mgeni ni adui. Biashara ya wageni inalisha nyumba nyingi za pwani, na heshima yetu ni kukirimu. Nasema kwamba ulinzi wa wakazi uandikwe kabla ya jiwe la kwanza kuguswa: nyumba itakayopata ruzuku, mwenyewe aahidi kwa mkataba kutomtoa mpangaji wala kumpandishia kodi kupita kiwango mlichokubaliana, kwa miaka mitano au zaidi, na akivunja ahadi arejeshe fedha kwenye mfuko wa mtaa. Kadhalika majengo ya wote yarudishwe kwa wote. Ngome ya Lamu ilikuwa gereza hata mwaka 1984, ndipo ikakabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ikatengenezwa kwa msaada wa Sweden, na leo ina maktaba na ukumbi wa shughuli za watu wa mji. Mahali watu walipopaogopa pamekuwa mahali wanapopaingia kwa hiari. Na Forodhani ya Unguja, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo makubwa, hadi leo jioni huwaka moto wa wauza urojo, mishikaki na maji ya miwa. Bustani ingalikuwa na nyasi nzuri bila ya wao, lakini isingalikuwa Forodhani.

La mwisho katika nasaha zangu ni siku ya pili yake, yaani siku mfadhili anapokunja mkeka wake. Wahenga walituambia mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Ruzuku nayo ni mgeni, na jembe lake ni mfuko wa matunzo. Tangu mwanzo kila nyumba itoe kidogo kwa mwezi, na kila duka litoe kwa kadiri yake, kama akina mama wanavyocheza mchezo wao wa fedha bila ya karani wala polisi na hesabu isipotee. Na mfuko huo uwe na kazi moja isiyobadilika, kusafisha milizamu na mitaro kabla ya masika na kabla ya vuli, kubadilisha bati lililotoboka, na kumlipa fundi siku mbili za kupita mtaani akigonga boriti. Ni fedha ndogo mno ikilinganishwa na ruzuku, na ndiyo iamuayo kama ruzuku iliyotangulia ilikuwa sadaka au hasara.

Bibi yetu hakuishi kuona mambo mengi, lakini aliona moja. Wapimaji walipokwisha kusema, jirani waliandikiana na mwenye nyumba ya pili, naye akapeleka idhini na nusu ya gharama, nusu nyingine ikatoka kwenye fungu dogo la msaada ambalo mtaa ulipata, na mlizamu mpya ukawekwa, ukamwaga maji yake kichochoroni badala ya ndani ya ukuta. Masika ile ilikuwa kubwa. Ilipokwisha bibi alitwaa mkaa wake kama kawaida, akapanda ngazi akishikilia ukuta, akaangalia, akaangalia tena, kisha hakuchora mstari. Aliandika mwaka kando ya mstari wa mwaka uliopita, tarakimu juu ya tarakimu, kwa kuwa unyevu haukuwa umeshuka hata kidole. Mwaka uliofuata akaandika vivyo hivyo, na hata alipofariki, kando ya mstari ule mmoja palikuwa pamekwisha kuandikwa miaka minne.